Mionzi ya jua ya Dar es Salaam katika faili la EnergyPlus

Swali: Wataalamu, nina vipimo vya saa kwa saa vya jumla ya mionzi inayoangukia eneo mlalo pekee, ilhali EnergyPlus, programu ya kuiga matumizi ya nishati katika majengo, inahitaji mionzi ya moja kwa moja na ile iliyotawanyika. Nimeigawanya kwa kanuni ya Erbs, inayokadiria sehemu iliyotawanyika ya mionzi yote, lakini karibu na machweo napata mionzi ya moja kwa moja ya zaidi ya wati 1,500 kwa mita ya mraba. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza: Ndugu, thamani hiyo haiwezekani, kwani hata nje ya angahewa jua hutoa takriban wati 1,361. Jua likikaribia upeo wa macho, unagawanya kwa kosaini ya pembe kati ya jua na utosi, iliyo karibu na sifuri, hivyo kosa dogo la wakati hukuzwa mno. Kokotoa mahali pa jua katikati ya saa, si mwishoni mwake, kwa sababu faili la hali ya hewa la EnergyPlus huandika mionzi ya saa iliyotangulia.

Jibu la pili: Kagua pia longitudo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39.3 mashariki, ilhali saa zetu hufuata nyuzi 45, hivyo jua hufika utosini, kwa wastani, saa 6 na dakika 23 mchana.

Muulizaji: Ahsanteni. Longitudo ndiyo niliyoisahau.