Mchango wa kumshtaki rais: tuulize kwanza

Mama Neema, Houston:
Shikamooni wakubwa. Ule ujumbe wa kuchangia wakili ili rais wa kwetu adaiwe fidia hapa Marekani umenifikia tena. Wanasema Clinton alishtakiwa akiwa Ikulu, basi na huyu anashtakika. Ni kweli? Nawaonea uchungu waliopoteza ndugu zao, ila hela yenyewe ni ya kodi ya nyumba.

Baba Zuhura, Columbus:
Marahaba, mwanangu. La Clinton ni kweli. Paula Jones alimfungulia shauri 1994 kwa jambo alilodai lilitokea kabla ya urais, na 1997 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba liendelee. Lakini huyo ni rais wao, kwenye mahakama zao, kwa jambo lake binafsi.

Rais wa nchi nyingine ana kinga ya namna yake, yaani sheria inamlinda asishtakiwe. Mwaka 2010 wajane wa Habyarimana na Ntaryamira, marais wa Rwanda na Burundi waliouawa ndege yao ilipodunguliwa Kigali Aprili 1994, walimshtaki Rais Kagame wa Rwanda kule Oklahoma, alikokwenda kuhutubia mahafali ya chuo. Kagame alikanusha kuhusika. Ushahidi haukufikia hata kusikilizwa! Serikali ya Marekani iliiandikia mahakama kwamba kiongozi wa nchi aliye madarakani ana kinga, jaji akalifuta shauri 2011, na 2012 rufaa ikagonga mwamba. Wajane kabisa, wenye msiba mzito namna ile. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usitoe hata senti kabla wakili hajaeleza kwa maandishi atalivukaje hilo la kinga, na shauri likifutwa pesa za watu zitakwenda wapi.

Mjomba Said, Toronto:
Naongezea ya nyumbani. Tanzania, Ibara ya 46 ya Katiba inaruhusu kumdai Rais kwa mambo yake binafsi, mradi apewe taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla. Kenya, Ibara ya 143 inazuia madai juu ya kazi zake za kikatiba akiwa madarakani, ila miaka hiyo haihesabiwi kwenye ukomo wa muda wa kushtaki. Mwenye dai atunze nyaraka zake vizuri.

Mama Neema:
Asanteni sana. Nimeshawaandikia wanaochangisha, nimeomba jina la wakili na maelezo yake kuhusu kinga. Wakijibu nitaleta hapa.