Shiti za chuma zilizokaa stoo zinatoa mistari nikizikunja, naomba ushauri

Mafundi wenzangu, natengeneza masanduku ya shule hapa Kamukunji, Nairobi. Shiti nilizoweka stoo tangu mwaka jana sasa zikikunjwa zinatoa mistari ambayo hata rangi haiifichi. Zilipokuwa mpya zilikunjika vizuri kabisa! Najua kiwandani, chuma kikishalainishwa kwa moto, hupitishwa tena kwenye rola kikiwa baridi, unene ukipungua kama asilimia 1 tu, ili mistari hiyo isitokee na uso uwe sawa. Fundi mmoja mzee ameniambia chuma cha kawaida kikikaa muda mrefu, faida hiyo hupotea. Je, nikizipitisha kwenye mashine ya rola za kunyooshea muda mfupi kabla ya kukunja, zitafaa? Au niziuze tu? Shule zinafunguliwa Januari, nina wasiwasi sana.