Stoo ya soda, juisi na maji: leseni ya biashara inatosha, au jengo nalo lisajiliwe?

Mpangakreti
Wakuu habari zenu. Kampuni imesajiliwa, leseni ya jumla ninayo, kodi nalipa. Mwezi uliopita nimekodi ghala la pili la kuweka soda, juisi za boksi na maji ya chupa kabla hayajapakiwa kwenye magari. Jana kaja mkaguzi wa chakula, akaulizia usajili wa jengo. Nikamtolea cheti cha ghala la kwanza, akasema hicho ni cha kule, hapa hakihusiki. Sasa mimi sitengenezi kitu wala sifungui chupa hata moja. Kweli na mtu wa kuhifadhi tu anahesabiwa? Halafu kaandika pia makopo ya rangi ya mwenye nyumba yaliyobaki kwenye kona.

Mtunzastoo
Mkuu, mkaguzi yuko sahihi. Leseni ni ya biashara yako, usajili wa chakula ni wa jengo, na kinywaji kinahesabiwa chakula. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni namba 852 ya mwaka 2004, kila jengo linalohusika na chakula hutolewa taarifa lisajiliwe, hata la kuhifadhi na kusambaza. Marekani nao, kwa sheria ya 2002, maghala yanayohifadhi chakula yamo, kila moja kivyake.

Mimi nilikuwa naona ni usumbufu mpaka yaliponikuta. Nilikuwa natunza stoo ya msambazaji mmoja. Jioni ikaja simu kutoka kiwandani: toleo fulani la juisi, yaani zile zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, lirudishwe, vifuniko havikubana. Juisi tulikuwa nayo nyingi, ila ya toleo gani? Daftari la kupokea lilikuwa na tarehe, jina na idadi, basi. Tukaanza kushusha safu moja moja, tochi mkononi, tunasoma vile vinamba vya wino ubavuni mwa katoni. Za chini zilikuwa zimeshika unyevu wa sakafu, namba zimefutika. Na zilizokwisha kutoka hatukujua ziko kwa nani, ikabidi tupige simu duka kwa duka hadi usiku. Mama mmoja akapokea, akaniambia zake zimeisha mchana, wamenunua watoto wa shule. Sikupata usingizi.

Tangu siku ile hakuna mzigo unaoingia kwangu bila kuandikwa namba ya toleo na mwisho wa matumizi, na ukitoka naandika toleo na aliyechukua. Serikali inasajili jengo ili siku kama ile ijue pa kubisha hodi. Lakini wakishabisha, wewe ndiye wa kuwajibu, na cheti hakiwezi kukujibia.

Rangi zitoe leo hii. Plastiki ya chupa inapitisha mvuke, maji yanashika harufu na kifuniko hakijaguswa.

Binti Ghala
Naongezea kwa kaka hapo juu. Angalia usajili wako unaisha lini. Marekani, kwa mfano, wanahuisha kila baada ya miaka 2, kati ya Oktoba na Desemba ya miaka kama 2024 na 2026, na taarifa zikibadilika una siku 60 kuwajulisha. Ukihama, jengo jipya linaanza upya. Kreti ziweke juu ya chaga, na uache nafasi ukutani mtu apite na fagio, la sivyo panya watazaliana huko nyuma wewe hujui.

Mpangakreti
Asanteni sana. Rangi zimeshatoka. Nimefungua daftari langu, kweli safu ya toleo haimo, kesho naanza jipya. Chupa zinazorudi na magari zimepasuka au zimevimba, nazo niziandike?

Mtunzastoo
Ziandike, na toleo lake. Zitengee kona yenye kamba na kibao cha USIUZE, mbali na mlango wa kupakilia. Vijana wakiwa na haraka wanabeba kilicho karibu.