Msaada: mke wangu mjamzito jino linamtesa, daktari wa meno ni mpaka Jumatatu

Wakuu, habari za usiku.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Tangu jana jioni gego la chini kulia linapwita mpaka sikioni. Lilitoboka siku nyingi, wali ukiingia anautoa kwa kijiti maisha yanaendelea. Leo hata maji ya mtungi hayapiti. Akilala ndiyo balaa, sasa hivi amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja shavuni, hasemi na mtu. Zahanati yetu haina daktari wa meno, na hospitali ya wilaya kitengo cha meno kinafunguliwa Jumatatu. Leo Jumamosi.

Nimpe nini cha kumvusha? Jirani kasema pamba yenye maji ya betri. Mama mkwe naye anasema mjamzito hang'olewi jino, mimba itatoka.

Mkulima Mdogo
Pole sana mkuu. Mpe diklofenaki, ndiyo iliyonivusha mimi mwaka jana.

Nesi Mstaafu
Hapana baba, usimpe! Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kwa mimba ya miezi saba zinaweza kubana mshipa wa karibu na moyo wa mtoto kabla ya wakati wake, na kupunguza maji ya uzazi. Mpe paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, akae saa sita ndiyo arudie, visizidi 8 kwa saa 24. Kama anatumia dawa ya mafua soma pakiti, nyingi zina paracetamol ndani.

Maji ya betri ni asidi. Yataunguza fizi na ulimi, jino libaki na maumivu yake.

Chakula kilichonasa akitoe kwa uzi laini, aache kijiti. Kisha asukutue kwa maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ateme. Akilala damu inajaa kichwani, na nyama ya ndani ya jino ikivimba haina pa kutanukia, ndiyo maana usiku linazidi. Mwinue kwa mito.

Bint Pemba
Pole shemeji. Karafuu moja nzima, aiweke kati ya jino na shavu, aibane polepole ilainike. Atasikia ganzi kidogo, ikiwasha aiteme. Mafuta yake usimpake hivi hivi, ni makali. Mdogo wangu yalimbabua fizi ikawa nyeupe.

Mkulima Mdogo
Samahani mkuu, sikufikiria habari ya mimba. Asante nesi.

Mleta mada
Asanteni. Duka la dawa wameniuzia amoksilini bila cheti. Nimwanzishie?

Nesi Mstaafu
Iweke kwanza. Haitulizi maumivu ya jino lililotoboka. Daktari ndiye ataamua kama anaihitaji.

Tabibu wa Meno
Mwambie mama kwa heshima kwamba mjamzito anazibwa jino na anang'olewa, ganzi anachomwa. Kuliacha lioze mpaka litunge usaha ndiyo hatari kwake na kwa mtoto. Mkifika semeni umri wa mimba mapema, na kwenye kiti aegemee kidogo upande wa kushoto, maana tumbo likilalia mshipa mkubwa atasikia kizunguzungu.

Ila usingoje Jumatatu ukiona shavu au chini ya taya panavimba, homa, anashindwa kufungua mdomo au kumeza. Kimbia hospitali usiku huohuo, mapokezi ya dharura wapo.

Mleta mada
MREJESHO, Jumatatu mchana. Paracetamol na mito vilimpa usingizi wa saa nne usiku ule, jana akanywa uji. Shavu nilikuwa namulika kwa tochi ya simu kila akigeuka, halikuvimba. Leo limeng'olewa, lilikuwa limeoza mpaka mzizini. Mama mkwe tulikuwa naye, akaomba aingizwe ndani amshike mkono. Mtoto anacheza tumboni. Tabibu kasema asisukutue leo, maji ya chumvi aanze kesho.