Presha ya mimba na yuriki asidi, vinahusianaje?

mama_kijacho: Jamani nieleweshwe, nina wiki 33, presha 150/95, mkojo una protini, sasa leo vipimo vya damu yuriki asidi (ile taka ya damu inayotolewa na figo) na mafuta vyote viko juu na wala sili hovyo, shida nini??

Mdau1: Pole dada, sio chakula. Kondo la nyuma likikosa damu ya kutosha linamwaga vitu vinavyoumiza mishipa, figo nazo zinazembea kutoa yuriki asidi. Mafuta kila mjamzito yanapanda, ila kwa presha hii ya mimba trigliseraidi (aina mojawapo ya mafuta ya damu) ndo huzidi.

bibi wawili: Mie niliacha nyama bure tu 😅 Kichwa kikigonga au ukiona nyotanyota usingoje kliniki

mama_kijacho: Nyotanyota naziona tangu jana

Mdau1: Weka simu chini, nenda hospitali SASA HIVI