Wanajibu maswali yote, damu wanakataa. Kwa nini?

mdodosaji_pwani: Salaam wadau. Kwenye tafiti za afya vijijini, dodoso linaisha vizuri, ila ukifungua boksi la vipimo mama anafunga mlango. Shida hasa ni nini?

Maabara2: Huku pwani uvumi wa mumiani haujafa: eti damu za watu zinanyonywa, zinauzwa. Ukimwambia "mililita 5" hujamwambia kitu. Mwonyeshe kijiko kimoja cha chai chenye maji. Kipimo cha haraka cha malaria chenyewe ni mikrolita 5 tu, tone la ncha ya kidole. Lakini ukipanga chupa sita mkekani, nani atakuamini? Toa ile unayotumia, basi.

kaya_kwa_kaya: Tusimsingizie mumiani kila kitu. Kilifi kaya zinafuatiliwa tangu 2000: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Popote pale, mtu akirudiwa hivyo bila kuona majibu ya kipimo cha mwanzo, atachoka. Rudisha majibu kabla ya kuomba tone jingine.

BiSwali: Na saa! Msimu wa palizi, saa nne asubuhi utamkuta bibi na wajukuu. "Subiri mwenyewe arudi" mara nyingi ni kukataa kwa adabu. Ili ujue kama kweli hayupo, rudi saa kumi na moja jioni, siku tofauti, mara tatu. Halafu usiandike "amekataa" kwa asiyekuwepo. Ukichanganya "amekataa" na "hayupo", utamtuma mhamasishaji mahali palipohitaji kubadilishiwa ratiba tu.

mdodosaji_pwani: Kumbe chupa! Sisi tunapanga zote.