Tupeane uzoefu: Keneli gani inatulia kwenye kompyuta yako ya nyumbani? (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Jiwe la Kirumba:

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaochezea mifumo huria nyumbani, siyo wenye seva za ofisini zilizofungiwa jenereta na kiyoyozi. Siulizi sura ya skrini wala ikoni. Nauliza keneli yenyewe, ile programu inayokaa kati ya chuma na kila kitu kingine: inayogawa ramu, kupanga zamu za prosesa, kuongea na diski na waifai. Linux, FreeBSD, OpenBSD, NetBSD, hata Haiku kama unayo, karibu.

Ukija, taja mashine, ramu, aina ya diski, na umeme wa kwako ukoje. Hilo la mwisho msilidharau. Majaribio mengi ya kulinganisha keneli tunayosoma yamefanywa na watu ambao taa zao hazizimi saa mbili usiku.

Naanza mimi. Laptopu ya Core i5 kizazi cha tatu, ramu GB 4, SSD ndogo, betri ilishakufa kitambo. Natumia Debian, mfumo unaokuja na keneli ya Linux, na nimelinganisha Linux na Linux: mashine ile ile, programu zile zile, keneli 5.10 ya Debian 11, halafu 6.1 ya Debian 12, sasa 6.12 ya Debian 13. Kasi ya prosesa sikuona cha kusimulia. Tofauti iko pale ramu inapojaa. Kuanzia 6.1, Linux ina utaratibu mpya wa kuamua kipi kitolewe kwenye ramu na kipi kibaki, unaitwa MGLRU. Si kila mahali umewashwa. Soma faili la /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled: likisema 0x0000 umelala, andika y humo uamke. Ongeza zram, inayobana data humo humo ndani ya ramu badala ya kuisukumia diski. Zamani nikifungua tabo moja ya ziada hata kishale kilikuwa hakisogei. Sasa naandika huku muziki unapiga.

Kamba ya Data:

Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wenye FreeBSD.

Bibi Mwaloni:

Wamekuja. Hesabu za dagaa za familia yetu ziko kwenye kompyuta ya mezani, Core 2 Duo, ramu GB 8, diski mbili za kuzunguka, FreeBSD 14. Kila kinachoandikwa kinaenda diski zote mbili kwa ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Umeme wetu ni huo huo wenu, na UPS yangu inanipa muda wa kuvaa kandambili tu.

Kilichonileta huku ni namna ZFS inavyoandika. Haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni, ikishamaliza ndipo inasema "sasa soma huku". Umeme ukikatika katikati, ile ya zamani ipo kamili, unapoteza sekunde za mwisho tu. Hakuna kusubiri diski ikaguliwe wakati wa kuwasha. Halafu kila kipande kina alama yake ya uhakiki. Huwa naiambia ipitie diski nzima kwa `zpool scrub`, na iliwahi kunionyesha diski moja inarudisha data iliyoharibika, ikaitengeneza yenyewe kutoka kwa mwenzake. Nikabadilisha diski ile ikiwa bado inazunguka, kabla haijafa na daftari la msimu mzima.

Ubaya wake: ZFS inakula ramu. Mwenye GB 4 aiwekee kikomo kwa mstari wa vfs.zfs.arc_max kwenye /boot/loader.conf, la sivyo ataona ramu imejaa aanze kutafuta mchawi.

Kamba ya Data:

Shikamoo bibi. Lakini ZFS ipo hata Linux, siku hizi msimbo ni mmoja, OpenZFS. Kwa nini uhame keneli nzima?

Bibi Mwaloni:

Marahaba mwanangu. Ipo, ila kwenye Linux inakaa nje ya keneli. Leseni yake ya CDDL, iliyotoka Sun Microsystems, haikubaliani na GPL, leseni ya Linux, kwa hiyo haijaingizwa ndani. Kila keneli mpya ikija, moduli ya ZFS, kile kipande kinachochomekwa kwenye keneli, inajengwa upya kwenye mashine yako, na kuna siku keneli inatangulia, ZFS iko nyuma. Kwenye FreeBSD imo ndani tangu toleo la 7.0, mwaka 2008. Mimi ni mtu wa hesabu, sitaki moduli ya kuungaunga kati yangu na fedha.

Hakuna Kulala:

Mimi nikienda kwa fundi pale Makoroboi ananipigia Windows, napata na soda hapo hapo, maisha yanaendelea. Hamna kazi nyie.

Jiwe la Kirumba:

Mkuu, hiyo simu uliyoandikia kama ni ya Android basi umeandika kwa keneli ya Linux. Na kama kompyuta yako ina prosesa ya Intel ya karibuni, kuna kichipu cha usimamizi humo ndani kinachoendesha MINIX 3. Ilijulikana 2017, hata Profesa Tanenbaum aliyeiandika MINIX akaiandikia Intel barua ya wazi. Upo kwenye uzi huu kitambo, hujajua tu.

Mvuvi wa Nansio:

Huku Ukerewe mimi na OpenBSD. Laptopu ya zamani, ramu GB 2, sola na betri ya gari. Inagawa intaneti ya nyumbani na kuchuja nani apite nani asipite, kazi ya pf, kichujio chake cha mtandao. Kanuni za pf unazisoma kama sentensi za kawaida, na hilo pekee linanitosha.

Sababu nyingine ni ya mtu wa kisiwani: mwongozo wake unakuja wote na mfumo, umeandikwa kwa uangalifu, hauhitaji bando. Linux nikikwama lazima niingie mtandaoni kutafuta. OpenBSD nikikwama nasoma man, napata.

Sasa mabaya, maana yapo. Bluetooth haina, waliing'oa mwaka 2014 kwa kuwa msimbo wake haukuwaridhisha. Wana msimamo wa wazee wa ukoo: kisichotunzwa kinatoka. Ukiwasha, nyuma ya pazia inaunganisha upya keneli ya kuwashia mara ijayo kwa mpangilio wa nasibu, ili mvamizi asijue kitu kipi kimekaa wapi kwenye kumbukumbu. Ilianza toleo la 6.2, mwaka 2017. Nzuri sana, ila kwa diski ya kuzunguka utaisikia inalia dakika za mwanzo.

Kubwa kuliko yote ni umeme. Mfumo wake wa mafaili hauna lile daftari la mabadiliko ambalo ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, inaandika kwanza kabla ya kugusa mpangilio wa mafaili. Ikizima ghafla, inakagua diski yote. Ikikuta jambo zito inasimama na kumsubiri binadamu ajibu maswali. Kama mashine umeifungia chumbani na wewe uko Mwanza mjini, nyumba nzima haina intaneti mpaka upande meli urudi. Ndiyo maana kwangu kuna betri. Bila betri nisingekushauri.

Mzee wa Igoma:

Mvuvi, na mimi niliijaribu. Core i3, Linux inaniambia prosesa 4, OpenBSD inaniambia 2. Nikabana faili moja kubwa kwenye zote mbili, OpenBSD ikaachwa mbali. Wamezipeleka wapi nyingine?

Mvuvi wa Nansio:

Hazijapotea mzee wangu. i3 yako ina kori 2 zinazojifanya 4. OpenBSD inazima huko kujifanya tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, kwa hofu ya mashambulizi yanayochungulia siri kupitia kori inayotumiwa na kazi mbili. Ukitaka, andika `sysctl hw.smt=1` upime tena.

Ila nikuulize: ulipima zote saa ngapi?

Mzee wa Igoma:

Linux asubuhi. OpenBSD saa nane mchana.

Mvuvi wa Nansio:

Chini ya bati?

Mzee wa Igoma:

Chini ya bati.

Kijana wa Nyegezi:

😂😂 Mzee, prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, keneli yoyote ile. Hapo umelinganisha asubuhi na mchana. Safisha feni, vumbi la Igoma tunalijua, weka pesti mpya juu ya prosesa, pima zote saa moja ya siku. Na kila moja irudie, ile ya kwanza uitupe, kwa sababu mara ya kwanza faili linatoka diski, mara ya pili linatoka ramu.

Mimi ni wa kukompaili keneli ya Linux mwenyewe, yaani kuijenga kutoka kwenye msimbo wake. Watu wanadhani ni kujitesa, lakini kwa mashine dhaifu kuna faida: keneli ndogo inawaka haraka, na unajua kila kilichomo. Kwa wanaotaka kuanza, mambo ya bando kwanza. Usichukue hazina yote ya git, ni zaidi ya GB 2 kwa sababu ina historia ya miaka. Chukua kifurushi cha .tar.xz, kama MB 140 hivi. Likitoka toleo dogo linalofuata, shusha kiraka tu, ni kidogo sana ukilinganisha na kifurushi kizima, unakibandika juu ya ile uliyonayo.

Halafu usikompaili kila kitu. `make localmodconfig` inaangalia moduli zinazotumika muda huo na kuacha nyingine zote. Kazi ya usiku kucha inakuwa ya jioni. Lakini hapo ndipo watu wanaumia: kabla ya kuiendesha chomeka KILA kitu unachotumia. Printa, modemu, flashi, spika za USB, kamera. Kisichochomekwa hakihesabiwi, utakuja kuchapa kazi ya mteja printa iseme haikujui. Na keneli ya zamani usiifute, iache kwenye menyu ya kuwashia.

Umeme ukikatika katikati ya kukompaili, usilie. Rudia `make`, itaendelea ilipoishia. Ikilalamikia faili moja la .o, lifute hilo tu.

Jiwe la Kirumba:

Hilo la kuchomeka vifaa kwanza liwekwe kwenye fremu.

Gwiji wa Musoma:

Mnazungumzia Core i5 kama mnazungumzia baiskeli. Mimi nina Pentium 4 ya biti 32 na haijagoma. Sasa angalieni walivyotukimbia: Debian 13 haina tena keneli wala kisakinishi cha i386, yaani prosesa hizi za biti 32. FreeBSD 15 nayo imeacha keneli ya i386. Nikarudi kwa rafiki wa maskini, NetBSD. Toleo la 10 lilitoka Machi 2024 na bado linatuhesabu.

Yule wa Ukerewe alalamikaye ukaguzi wa diski anisikilize. NetBSD ina FFS, mfumo wa mafaili uleule wa ukoo wa BSD, lakini tangu 5.0 inaweza kuandika daftari la mabadiliko. Unaongeza neno `log` kwenye /etc/fstab, basi. Umeme ukirudi inasoma daftari, inanyoosha, inawaka. Hapa kwetu karibu na ziwa ukija msimu wa radi hili si jambo dogo.

Na kukompaili sifanyii kwenye Pentium. NetBSD ina `build.sh`, unaiendesha kwenye laptopu yako ya Linux, inajenga kwanza vifaa vyake, kisha keneli ya mashine nyingine kabisa. Nabeba kwenye flashi.

Usiniulize kuhusu kivinjari cha kisasa. Hakuna. Kwenye ramu MB 512 hakuna keneli itakayokufungulia YouTube.

Senene za Bukoba:

Haiku hamuitaji kwa nguvu hivyo? Nina beta5, ya Septemba 2024. Si Linux wala BSD, ni mtoto wa BeOS, mfumo wa zamani. Kwenye kimashine changu cha ramu GB 2 ndiyo inayonipa raha, ukibonyeza kitu kinafunguka kabla hujaondoa kidole. Siwezi kuiita mfumo wa kazi, bado inaanguka ikitaka. Lakini raha ni raha.

Jambo moja: draiva zake nyingi za waifai zimetoka FreeBSD na OpenBSD. Kwa hiyo kadi ikikataa huko, usitegemee muujiza huku.

Kijana wa Nyegezi:

Waifai ndipo wengi wanapoikimbilia Linux na mimi siwalaumu. Draiva za Linux ni nyingi kuliko za ndugu zake wote.

Mvuvi wa Nansio:

Kweli. Ila ujanja upo. Unasakinisha OpenBSD, waifai inataka fimuwea (programu ndogo ya kadi yenyewe), fimuwea iko mtandaoni, mtandao ni waifai. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB. BSD zote tatu zina draiva ya urndis, zinaiona simu kama kadi ya mtandao. Endesha `fw_update`, chomoa simu, endelea na waifai.

Mgeni Sengerema:

Wakuu shikamooni, mimi mgeni. Nina laptopu ya ramu GB 2, biti 64, diski ya kuzunguka, umeme wa kubahatisha, betri hakuna. Nataka kusoma na kuandika, na kujifunza. Nianze na keneli gani?

Jiwe la Kirumba:

Marahaba, karibu. Bila betri, OpenBSD weka pembeni. ZFS kwa ramu hiyo weka pembeni pia. Anza na Linux, Debian 13 kwenye ext4, zram iwashwe, dawati liwe jepesi kama LXQt. Ukizoea, tenga kipande cha diski uweke NetBSD yenye `log` ujilinganishie mwenyewe. Fedha ya kwanza ukiipata nunua SSD, itakufaa kuliko kubadilisha keneli mara kumi.

Mgeni Sengerema:

Asante mkuu. Shida ni bando la kushushia hiyo Debian.

Bibi Mwaloni:

Mwanangu, daraja la Kigongo–Busisi lipo, siku hizi husubiri pantoni. Njoo Kirumba na flashi mbili za GB 8, moja ya Debian, moja ya NetBSD. Zote ninazo. Njoo asubuhi, mchana nakuwa kwenye mzani.

Mzee wa Igoma:

Nimesafisha feni. Nimepima saa kumi na mbili asubuhi zote mbili, na smt nimewasha. OpenBSD bado iko nyuma, ila si kwa aibu ile. Nasubiri maswali.

Mvuvi wa Nansio:

Mzee, bati umelitoa? 😄